Sajini Ndani ya Rupia

Sajini wa jeshi alikula picha yake mwenyewe nyumbani kwetu Kisenyi, mchana kweupe, akaishushia kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Niliona kwa macho yangu. Ilikuwa picha ya karatasi ngumu, kubwa kiasi cha kiganja cha mtoto, na alianzia pembe ya juu, pale palipokuwa na bawa la tai. Alipofika kwenye masharubu alisita, kama mtu aliyekutana na mwiba wa samaki, kisha akafumba macho akaendelea kutafuna.

Haya yamenirudia juzi tulipofungua maboksi ya marehemu mjomba wangu Shabani, ambaye alikuwa mpiga picha. Boksi la kwanza lilipofunguka ikatoka ile harufu ya dawa za kuoshea picha, kali kama siki iliyochanganyika na kiberiti, na papo hapo nikawa tena mtoto wa miguu isiyofika sakafuni, nimekaa juu ya kreti ya soda katika studio yake, nikiwatazama watu wazima wakiogopa.

Wenzangu mliokulia Kampala wakati wa jeshi hamhitaji kuelezwa mengi. Mnakumbuka kipande cha sabuni kilivyokatwa kwa uzi ili kiwatoshe majirani. Mnakumbuka sukari ilivyokuwa habari, si kitu cha jikoni: fulani kaiona Nakasero, fulani kasikia itashuka kesho. Na mnaikumbuka sheria ambayo hakuna mzazi aliyeitamka lakini kila mtoto aliijua, kwamba mtu mzima akinyamaza ghafla nawe unyamaze, na gari likisimama nje usiulize ni la nani.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Bibi. Bibi ndiye mama yake Mjomba, na ndiye mama wa mama yangu pia. Mama alikuwa Mbale akiuza vitambaa, nami nikaachwa Kisenyi nisome. Ukuta mmoja wa studio ulichorwa ndege yenye ngazi. Mchoraji aliishiwa rangi nyeupe akamalizia kwa rangi ya gereji ya jirani, kwa hiyo ndege yetu ilikuwa nyeupe kichwani na ya kijani cha lori mkiani. Wateja walisimama mbele ya ngazi, mkono mmoja juu, wakimuaga mtu asiyekuwepo. Ukuta wa pili ulikuwa na pazia la mahameli jeusi, na mbele yake stuli. Hapo ndipo zilipopigwa picha za kichwa, za pasipoti na za vitambulisho. Miaka ile watu wengi walitaka picha za pasipoti. Walikuja wamevaa vizuri, hawacheki, na baada ya muda nyumba yao ilikuwa kimya. Nikajipangia mwenyewe kichwani: anayekaa kwenye stuli anaondoka, anayesimama mbele ya ndege anabaki.

Kwa hiyo asubuhi moja nilipoingia nikakuta juu ya ile stuli sarafu imesimamishwa wima kwa nta ya nyuki, na Mjomba ameinama nyuma ya kamera akiiambia, "Tulia hapo, tulia, usianguke," sikushangaa sana. Nilijua inasafiri.

Na kweli ilikuwa inasafiri. Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alianza upande mmoja, akahamia wa pili, mpaka ikawa anatujua kwa nyayo zetu na anajua mchele kwa ulimi. Daktari wa hospitali ya Mulago aliyekuwa akiwatoa watu ukungu huo alikuwa ameondoka nchini, kama walivyoondoka wengi, bila kuaga. Aliyeleta matumaini alikuwa Bwana Wafula, Mkenya, karani wa kampuni ya mizigo, aliyepanga katika maghorofa ya Bugolobi na ambaye kila Krismasi alikuja kupigwa picha mbele ya ndege yetu ili aipeleke kwao Bungoma.

"Mama Mzee," alimwambia Bibi, "Nairobi kuna daktari wa macho, anatoa hiyo kitu asubuhi, jioni unasoma gazeti."

"Gazeti lina nini cha kusomwa siku hizi?" Bibi akasema. "Mimi nataka kuona kama mchele wangu una mawe."

Ndipo, ili ipatikane pesa ya daktari huyo, akaagiza nimletee kopo lake la samli, lililofichwa ndani ya gunia la mchele huohuo. Humo mlikuwa na sarafu tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya dhahabu, yenye tembo aliyeinua mkonga; Bibi alisema ilitengenezwa kwao Tabora, katika karakana ya reli, wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza. Ya pili ilikuwa reale kubwa ya fedha yenye mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, ambaye sisi tulimwita Mama Reale. Ya tatu ilikuwa rupia ya Mdachi, yenye mfalme wao amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua tai. Au niseme, aliwahi kuwepo mfalme. Kofia ilikuwepo, tai alikuwepo, maandishi ya kuzunguka ukingo yalikuwepo. Uso ndio haukuwepo. Ulikuwa umefutika, pamebaki laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha.

Waliomfuta ni sisi. Mtoto akianguka akatoka nundu, mtu mzima akiota jipu au chokea ya jicho, Bibi aliipumulia rupia ile mpaka ikapata joto, akaisugua kwenye kanga, akaibandika mahali palipovimba na kuizungusha taratibu huku midomo yake ikisoma. Alianza mama yake huko Tabora, akapokea yeye. Nusu ya Kisenyi ilikuwa imepita chini ya rupia ile. Nami nilikuwa na maelezo yangu ya jambo hili, niliyoyaamini kuliko mafundisho ya mwalimu: uso wa mfalme haukupotea, uligawanywa. Kila aliyebandikwa aliondoka na kipande chake. Mimi nilikuwa mtoto wa kuanguka sana, na mara nyingi nilijitazama kwenye kioo nikiitafuta pua ya Mdachi. Wala sikukosa kuuogopa upande wa pili. Kama uso unaweza kutoka kwenye rupia ukaingia kwa mtu, utashindwaje kutoka kwa mtu ukaingia kwenye rupia?

Bwana Wafula alijua duka moja la Nairobi lililopeleka fedha za kale kwenye mnada wa Ulaya. "Wazungu wa huko wananunua pesa ambazo hazinunui kitu," alieleza.

"Basi waje Kampala," Bibi akamwambia. "Zimejaa."

Ila hawakununua kwa kusikia. Walitaka kwanza picha za kila sarafu, uso na mgongo, wazitie katika kitabu chao cha mnada. Mjomba aliona jambo hilo kama ukosefu wa heshima. "Tangu nianze kazi sijampiga mtu kisogo," alisema. Lakini ugumu wenyewe ulikuwa mwingine. Pesa ya kigeni ndani ya nyumba ilitosha kumfanya mtu achukuliwe asirudi, na hakuna aliyekuwa na hakika kama pesa ya mfalme aliyekufa nayo ni ya kigeni. Halikuwa swali la kwenda kuuliza ofisini. Tena filamu ilikuwa moja tu, ya mwisho, iliyoanzwa kwenye harusi. Nafasi zilizobaki zilitosha sarafu zote tatu, uso na mgongo, na moja ya akiba.

Basi asubuhi ile Mjomba alifunga mlango wa mbele nusu, ili usionekane umefungwa. Umeme haukuwepo, akawa anatumia jua la dirishani. Sarafu ukiimulika usoni, alisema, inakukodolea kama jicho la samaki. Imulike ubavuni, itasimulia. Alimpa Bibi kioo cha kunyolea akishike, aelekeze mwanga kutoka pembeni, maana Bibi alikuwa na mikono isiyotikisika hata akiwa na homa.

"Kushoto kidogo, Mama. Siyo huko. Kushoto."

"Huku ndiko kushoto, Shabani."

"Kushoto kwangu, Mama, siyo kushoto kwako."

"Wewe nimekuzaa mimi. Kushoto kwangu kulianza."

Hivyo ndivyo alivyopigwa tembo, uso na mgongo. Ikaja rupia, upande wa mgongo wenye matawi. Mjomba akaigeuza, akaikandamiza kwenye nta, akaweka tena kioo chake cha kukuzia mbele ya lenzi, akashusha pumzi, akabonyeza. Kidole kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka kwenye kitufe gari likasimama nje. Mlango wa gari ukafungwa kwa nguvu, kama wanavyofunga watu wasionunua milango.

Aliyeingia alikuwa Sajini, mrefu, masharubu mazito, kofia imelala upande. Jicho lake moja lilikuwa limevimba kwa chokea, linachuruzika.

"Wewe ndiyo mwenye picha?"

"Ni mimi, afande."

"Piga mimi picha ya kichwa. Ya faili. Wanataka kunipa cheo. Jicho hii imeharibika, lakini wewe tengeneza." Akaiendea stuli akae, akaiona rupia imesimama. Akaing'oa kwenye nta, akaigeuza. "Hii nini? Pesa ya wapi hii?"

Mimi nikawa natazama mkono wa Bibi wa pili, uliokuwa umefumbwa juu ya paja, ndani yake tembo na Mama Reale.

"Hiyo si pesa, mwanangu," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nchi yake haipo, na mfalme wake alikimbia kabla baba yako hajatahiriwa. Hiyo ni dawa. Jicho gani linakusumbua?"

"Hii ya huku."

"Mimi sioni. Lete uso hapa."

Mtu akiwa amelelewa na bibi, hata avae bunduki mbili, sauti ile anaijua. Sajini aliinama. Bibi akampapasa kwa vidole, paji, nyusi, mashavu, masharubu, kama anayepima unga. "Masharubu umeyakata mwenyewe," alimwambia. "Upande mmoja mfupi." Kisha akaipokea rupia, akaipumulia, akaisugua kwenye kanga, akaibandika juu ya chokea na kuanza kuizungusha.

"Taratibu, Haboba," Sajini akasema, akitumia jina wanalowaita bibi zao Wanubi. "Inachoma."

"Kinachochoma ni kiburi. Tulia."

Alipomaliza alimwamuru asilioshe jicho mpaka magharibi, na rupia haikurudi kwenye stuli. Ilibaki kiganjani mwa Bibi. Mjomba, ambaye rangi ilikuwa inaanza kumrudia, akaondoa kioo cha kukuzia kwenye lenzi, akamkalisha mgeni mbele ya mahameli, akamwomba avue kofia kwa kuwa picha ya faili haitaki kofia. Akabonyeza. Sajini akasema atakuja Ijumaa, akaondoka. Mlio wa gari ukapotea upande wa stendi ya mabasi.

"Endelea na kazi," Bibi akasema. "Jua halingoji."

Mama Reale akapigwa uso na mgongo, na hapo likatokea jambo lililomfurahisha Mjomba kupita kiasi. Alitazama kijidirisha cha nyuma ya kamera kinachoonyesha namba, akahesabu kwa vidole, akatazama tena. Nafasi moja ilikuwa imebaki. "Mama, filamu imezaa!" Bibi akasema ni baraka ya dawa aliyompa yule mtoto wa watu. Mjomba akatusimamisha mimi na Bibi mbele ya ndege, nafasi ile akaitumia kwetu. Ndiyo picha yangu pekee ya utotoni. Mimi nimenyoosha mkono juu kuaga, Bibi anatazama pembeni kabisa mwa kamera, kuelekea jikoni, kwa uso wa mtu anayesikia maziwa yakichemka.

Chumba cha giza kilikuwa stoo ya mkaa iliyozibwa kwa mablanketi. Mjomba aliingia humo akiimba, akatoka haimbi. Alikuwa ameshika filamu mbichi kwa kibanio cha nguo, mbali na mwili wake.

"Mama," alisema, "Sajini ameingia ndani ya rupia."

Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya lenzi mbili, isiyomkumbusha mtu lolote. Ukishapiga lazima uzungushe kitufe cha ubavuni mwenyewe ili filamu isogee. Usipozungusha, picha ya pili inalala juu ya ya kwanza. Mjomba hakuwahi kusahau tangu ajifunze kazi. Mlango wa gari ulipofungwa, akasahau. Filamu haikuwa imezaa. Watu wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja.

Akaisafisha karatasi moja ili aone ukubwa wa msiba. Niliruhusiwa kuchungulia. Wallahi ilikuwa nzuri. Mahameli jeusi lilikuwa limemeza mabega ya Sajini, ukabaki uso peke yake, nao ulitua palepale kwenye ule uwanja laini uliokuwa wa mfalme. Kofia ya chuma ikamvaa kichwani. Tai akakunjua mabawa juu yake. Maandishi ya Wadachi yakamzunguka ukingoni, na masharubu yake yakaonekana kama yaliyochongwa na sonara. Hata jicho lililovimba lilipata hadhi, likaonekana linapima adui.

Mimi sikuhitaji kuelezwa habari za kitufe. Nilimwona Bibi kwa macho yangu akimbandika rupia usoni. Uso ulikuwa umehama, kama nilivyohofia siku zote. Nikakimbia kuitazama rupia yenyewe ndani ya kopo. Bado ilikuwa laini. Nikaamua kwamba unachelewa kujitokeza, kama nundu. Kisha nikamsimulia Bibi picha nzima, kofia, tai, masharubu, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi.

Mjomba hakucheka. Filamu nyingine haikuwepo mjini, na Ijumaa ilikuwa inakuja. "Nimwambie imeungua?"

"Ukimwambia imeungua atasema umeiuza," Bibi alimjibu. "Mwonyeshe, umtake radhi. Mtu akiona kosa kwa macho yake hasira hupungua."

Sajini alikuja akiwa amechangamka. Chokea ilikuwa imenywea, akamletea Bibi salamu kabla hata ya kuulizia picha. Mjomba akampa ile karatasi kwa mikono miwili, kichwa chini, akaanza, "Afande, kuna kosa kidogo…"

Sajini aliitazama. Akaisogeza dirishani. Nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

"Kosa gani? Hii ndiyo picha! Nani amenipa kofia hii?"

"Imetokea tu, afande."

"Hii mzuri sana. Tengeneza kubwa, mimi nataka kuweka kantini, wale vijana waone. Na ingine ya mama yangu." Akaigeuza huku na huku, akajaribu kukunja uso kama ulivyokunjwa pichani. "Eh! Kumbe mimi ni mtu."

Nilikuwa nimetumwa vitunguu, na mkononi nilikuwa na noti. Kwenye noti alikuwepo Rais, kifua kimejaa. Pesa zote nilizopata kuziona zenye kichwa zilikuwa na kichwa cha mkubwa wa nchi. Hilo halikuwa fumbo. Nilichotaka kujua ni mpangilio tu.

"Afande," nikamuuliza, "sasa Rais ni wewe? Au yeye ni wa noti na wewe ni wa sarafu?"

Sajini aliitazama noti mkononi mwangu. Akaitazama picha mkononi mwake. Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, kama taa ya gari lililokwisha zimwa.

"Nani ameona hii?"

"Sisi tu, afande. Wallahi."

"Funga mlango."

Mjomba akaufunga wote. Sajini akakaa kwenye stuli ya mahameli, na mimi nikajua kwamba sasa naye anaondoka. "Yule mtu," alisema kwa sauti ndogo, bila kumtaja, "hapendi mchezo ya kofia. Watasema mimi nimetengeneza pesa yangu. Watakuja kuchukua mimi. Wewe pia. Haboba pia." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya masharubu. "Choma."

"Picha ikichomwa inanuka mtaa mzima," Mjomba alisema. "Na hapo nje wamekaa watu."

"Chana."

"Naweza kuchana, afande. Vipande vidogo."

Sajini akatikisa kichwa taratibu. "Vipande wanaunganisha. Mimi mwenyewe nimeunganisha." Alilisema hilo kama mtu anayetaja kazi aliyowahi kuifanya kabla ya hii, na kwa mara ya kwanza Mjomba alimtazama machoni.

Choo chetu kilikuwa cha majirani wote. Ndoo ya taka ilipekuliwa na kila mpita njia aliyetafuta mkaa. Sajini aliendelea kuigeuza ile picha, na nadhani tulimaizi pamoja alichokuwa akikusudia, kwa sababu Bibi, ambaye haoni, alisikia karatasi ikikunjwa akasema, "Zuhura, mpe mgeni chai. Kavu haishuki."

Nikaleta chai. Akauma bawa la tai, akatafuna. Ile karatasi ilikuwa ngumu, tena ina dawa, macho yalimlengalenga. Akanywa funda.

"Haina sukari?"

"Sukari mnayo ninyi, mwanangu," Bibi akamjibu.

Alikula kofia, akala maandishi ya Wadachi, akafika kwenye masharubu, akasita, akaendelea. Mjomba alisimama pembeni ameshika birika kama mhudumu wa hoteli. Ilipokwisha Sajini alipitisha ulimi kwenye meno, akaomba filamu yenyewe. Hiyo haitafuniki. Mjomba akaikata nafasi ile moja kwa mkasi, na tulitegemea Sajini atatuachia jiko la mkaa limalize kazi usiku, mtaa ukiwa umelala. Badala yake akaitazama kidogo dhidi ya mwanga, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Jioni yake mwanajeshi kijana asiyesema alileta furushi la gazeti. Ndani mlikuwa na sukari. Sajini mwenyewe hatukumwona tena. Sikujua kama alipata cheo chake.

Picha nyingine Mjomba alizisafisha, akazitia katika bahasha, akaigundisha kwa mkono wake, akampa Bwana Wafula. Ya rupia alipeleka mgongo peke yake, kwa kuwa uso haukuwepo. Tukangoja. Mvua zikaja zikaondoka, Bibi akawa haoni hata mwangaza wa mlangoni. Halafu siku moja Bwana Wafula akatokea amevaa tai ya kanisani.

"Mama Mzee, wamekubali! Tembo wanamtaka, na yule mama mnene wanamtaka. Nikisafiri naenda nazo mwenyewe."

Bibi akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akakikamua kama nanasi.

"Ila wana swali," Bwana Wafula aliendelea. "Wanauliza yule mtawala mwenye masharubu ni wa nchi gani, na kama mnazo nyingine. Kuna mzee huko amesema atapigania mpaka senti ya mwisho. Hawajawahi kumwona katika kitabu chochote."

Mjomba alikaa chini, na chini hapakuwa na kiti. Aliapa kwamba alisafisha karatasi moja, na hiyo tuliiona ikiliwa. Aliapa kwa jina la Mungu, akaapa kwa kaburi la baba yake. Bwana Wafula naye akaapa kwamba yeye ni mtu wa kanisa, bahasha ya watu hafungui. Bibi peke yake ndiye hakuapa.

"Waambie nchi hiyo imekwisha," alisema, "na mtawala hauzwi."

Tembo na Mama Reale walivuka mpaka ndani ya kopo la karanga za kusaga, na baadaye Bibi na Mjomba nao wakavuka, kwa treni. Bibi aliporudi alikuwa amevaa miwani mizito iliyoyafanya macho yake yawe makubwa kuliko uso. Alitukagua mmoja mmoja kama bidhaa zilizocheleweshwa bandarini. Mimi aliniambia kumbe shingo yangu ni ya baba yangu, na nisikate tamaa. Alisimama muda mrefu mbele ya ukuta wa studio. "Shabani," akasema, "ndege yako ina mkia wa lori, na miaka yote hii umeninyamazia."

Tulikuwa tumekaa uani siku moja, mimi na yeye, tunachagua mchele. Alikuwa akiyashika mawe kwa ncha za vidole, moja moja, akiyainua mbele ya miwani kabla ya kuyatupa, kwa raha ya mtu anayevua samaki. Kisha akasema, bila kuulizwa:

"Ile kofia ilimkaa vizuri yule maskini. Ila ilimlalia sikio la kushoto."

Nilikuwa mdogo, lakini hilo lilinigonga. Siku ile ya picha Bibi alikuwa haoni, na aliyemsimulia ni mimi. Nilimtajia kofia, tai na masharubu. Sikio sikulitaja, kwa sababu sikulitazama.

"Umeiona wapi, Bibi?"

"Toa mawe," akasema.

Nikaenda mbio studio nikamwambia Mjomba. Alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa. Mkono ukasimama.

"Amesema sikio gani?"

"La kushoto."

Akainamisha kichwa upande mmoja, kama anayetazama kitu kilichopo mbele yake.

"Kushoto kwake," akauliza, "au kushoto kwetu?"

Bibi ameshakufa, na Mjomba tumemzika mwezi uliopita. Maboksi yote tumeyapekua mpaka ya chini kabisa, mimi nikitafuta nakala nyingine ya picha ile, ili nijue nani aliyeitia katika bahasha. Ndege ipo, harusi zipo, Bwana Wafula yupo na Krismasi zake zote. Mimi na Bibi tupo. Rupia imo ndani ya kopo la samli, bado haina uso. Sajini hayumo.